Sura ya Sita: Balozi wa Bawabu

"Kila mtu katika jengo lile ana balozi wake," Shalali alisema. "Ghorofa ya kwanza wana wao, ya pili wana wao. Khawaja Tarkush wa juu kabisa, wa kwake ndiye mkubwa kuliko wote. Sasa nakuuliza, afande, balozi wangu mimi ni nani? Nitajie nimtumie salamu."

Swali lile lilimpandisha hasira Inspekta Wajdi Burullusi. Alisimama mlangoni mwa mahabusu akimtazama bawabu yule, Mnubi wa makamo aliyeketi sakafuni kichwa wazi. Askari walikuwa wamechukua kilemba chake asije akajinyonga nacho. Walimhifadhi vizuri, ili anyongwe kwa utaratibu.

Mashitaka yangesomwa kesho asubuhi. Bawabu Shalali alishitakiwa kumuua Nabawia, fundi aliyekuwa akishona majumbani mle jengoni, na kwa kosa hilo Iskandaria ilikuwa na kamba moja tu. Ushahidi ulikuwa mwepesi kuusimulia. Maiti ilikutwa katika chumba cha bawabu chini ya ngazi, kichwa kimepasuka kisogoni, na kanzu ya bawabu ilikuwa na damu kifuani. Mwenyewe alisema alimwinua akidhani bado anapumua. Sajini Abdultawab, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana, aliona imekwisha.

Burullusi hakuona hivyo. Kichwa kikipasuka hutoa damu nyingi, na sakafu ya chumba kile ilikuwa ya saruji, kavu, haina hata alama ya deki. Mkeka haukuwa na tone. Tena daktari alikuta pini yenye kichwa cheupe imemchoma marehemu ndani ya shavu. Fundi huweka pini mdomoni anapopima kitu, mikono yake ina kazi. Nabawia alipigwa akiwa kazini, mahali penye kitu cha kunywa damu, kisha akabebwa. Na bawabu mwenye kanzu mbili hana mapazia ya kupimiwa.

Majirani walisema walimsikia Nabawia Jumamosi akipanda ngazi kwenda juu. Juu alikuwa akikaa Edmon Tarkush, mfanyabiashara wa pamba, asiye na mke wala binti. Jana Tarkush alifungua mlango nusu, akajibu huku anavuta sigara kwamba mwanamke huyo hajatia mguu kwake, na kwamba inspekta akitaka kuingia ajue njia inapita ubalozini. Kisha alifunga mlango taratibu, bila haraka yoyote.

Alikuwa na haki ya kutokuwa na haraka. Hizo zilikuwa bado zama za Mapatano. Polisi wa Misri, katika mji wa Misri, hakuweza kuvuka kizingiti cha khawaja, yaani bwana mwenye kinga ya nchi ya kigeni, mpaka mjumbe wa ubalozi mdogo wa nchi yake awepo. Kilichochukuliwa bila mjumbe kilikuwa batili, na mwendesha mashitaka alikitupa. Hata khawaja akionekana ana hatia, wa kumhukumu alikuwa balozi wake, au alipakiwa melini akahukumiwe kwao, ambako mashahidi hawafiki. Tarkush alikuwa amekwisha kukata tikiti ya meli.

Jina la nchi ile silitaji. Balozi ndogo zilikuwa nyingi mjini na tabia yao ilikuwa moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Balozi wa kwanza wa nchi ile alikuja kununua ngano, akapewa chumba kimoja karibu na forodha na ruhusa ya kuwasemea mabaharia wake wakilewa. Siku ya tatu ilipofika, yeye ndiye aliyetupa sisi jembe. Akapandisha bendera. Akapata posta yake, mahakama yake, hata mahabusu yake yenye mapazia dirishani. Akaanza kugawa kinga: akampa mtarjumani wake, kisha mpishi wake, kisha kaka wa mpishi. Babu yake Tarkush alikuwa mtarjumani wa namna hiyo, mtu wa Damanhuri, mla maharage kama sisi, na kinga ile wanawe na wajukuu wakairithi kama watu wanavyorithi nyumba. Mjukuu alikuwa hajaiona nchi hiyo kwa macho yake, na lugha yake aliijua matusi tu. Lakini mbele ya polisi alikuwa mgeni wa heshima.

Burullusi alikuwa amepeleka ombi lake la kupekua tangu Jumapili. Jibu lilikuwa kwamba mjumbe atakuja. Jumatatu mjumbe alikuwa anakuja, na leo Jumanne bado alikuwa anakuja. Ubalozi haukuwa na haja ya kukataa. Ulikawia tu, na wakati unakawia, sabuni na maji vilikuwa vikifanya kazi huko juu.

Alitoka mahabusu bila kuaga, akamchukua Abdultawab, wakaenda kwa miguu mpaka kwenye jengo.

Mawingu yalikuwa yanaingia kutoka baharini, meusi na mazito. Iskandaria dhoruba zina majina, na kila mtu anajua tabia ya kila moja kama anavyojua za wakwe zake. Dhoruba ya Ufagio ilikuwa imepita mwezi uliotangulia, na baada yake kila nyumba ilitandika mazulia yaliyokuwa yamekunjwa tangu kiangazi. Sasa ilikuwa zamu ya Kasimu. Juu ya mapaa wanawake walikuwa wanakimbizana na upepo, wananyakua mashuka, wanaitana. Mji mzima ulikuwa unaanua.

Burullusi aliinua macho kwenye paa la jengo, akasimama katikati ya njia hata mwenye mkokoteni akamtukana.

"Abdultawab, unaona nini pale ukingoni?"

"Zulia, afande. Jekundu. La bei hilo."

"Leo ni siku gani?"

"Si ndiyo Kasimu inaingia."

"Mama yako angeanika zulia siku ya Kasimu?"

"Mama yangu akiona mtu kaanika zulia siku ya Kasimu angemwanika mtu mwenyewe," Abdultawab alisema, kisha uso wake ukabadilika.

Jana, katika ule upenyo wa mlango, Burullusi aliona ukumbi wa Tarkush una vigae vitupu, tena Desemba. Alifikiri ni ubahili. Sasa aliona vingine. Kazi ya mazulia mjini mle ni ya bawabu: yeye ndiye anayeyapandisha, anayapiga kwa fimbo, anayashusha. Bawabu wa jengo hili alikuwa mahabusu. Basi khawaja, ambaye hajapata kuonekana amebeba kitu kizito kuliko mwavuli, alilibeba zulia lake mwenyewe mpaka paani. Wala hakulianika likauke. Alilianika lioshwe. Kasimu ingelipiga maji usiku kucha, bila dobi wa kuuliza maswali, na asubuhi lingekuwa zulia lililosahauliwa mvuani.

"Twende tukalitwae," alisema Abdultawab.

"Tukalitwae halafu waseme paa ni sehemu ya nyumba yake? Mwendesha mashitaka atatetemeka, zulia litatupwa, na mzee wa watu atanyongwa. Hapana. Namtaka mjumbe."

"Afande, mjumbe haji."

"Haji kwa kuitwa," alisema Burullusi. "Atakuja kwa kunyimwa."

Chini ya ngazi alisimama Dahab, kawasi wa ubalozi, yaani mlinzi wake wa mbele, aliyewekwa pale tangu juzi. Alivaa koti jekundu la tarizi za dhahabu, na mkononi alishika ile fimbo ndefu yenye kichwa cha fedha. Kawasi hutangulia mbele ya balozi akiigonga fimbo hiyo chini, na wenye mji wakisikia mlio huo hupisha. Kupekua hakukumhusu. Kazi yake hapa ilikuwa kuziba ngazi.

Yeye na Shalali walitoka kijiji kimoja cha Nubi, kile ambacho maji ya bwawa yamekimeza pamoja na mitende na makaburi yake. Burullusi alilijua hilo, na hakuona aibu kulitumia.

"Unajua nani yuko ndani kwa ajili ya huyu wa juu?"

"Najua, bwana."

"Mmekula mkate mmoja nyinyi wawili."

"Tumekula," alisema Dahab bila kumtazama. "Lakini mkate wa wanangu uko ndani ya koti hili."

Burullusi alitaka kumtukana, akajizuia, maana si huyu aliyestahili. Badala yake alipaza sauti, kama mtu aliyeishiwa subira.

"Basi nenda kamwambie bwana wako Salhub wa ubalozini hivi. Nyumbani kwa khawaja siingii. Napanda paani. Paa ni la wakfu, la wafuaji nguo na paka, wala si la khawaja wake. Kwa hiyo mjumbe wake simhitaji tena, akae anywe kahawa."

Dahab aligeuza kichwa, akamtazama.

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Atakuja mbio, bwana."

"Ndiyo."

Kawasi alitoka. Abdultawab alisema baadaye kwamba hajapata kumwona mtu mwenye koti zito vile akitembea kwa kasi ile.

Jibrani Salhub, mtarjumani wa ubalozi, mtu ambaye kwa siku tatu hakupata nafasi, alifika kwa gari la farasi hata kabla matone ya kwanza hayajaanguka. Alikuwa mwenyeji wa mji, mfupi, tarbushi imenyooka, masharubu yana mafuta. Aliwasemea wakubwa wake kwa ukali ambao wao wenyewe hawakuwa nao. Hakutoa salamu. Alimwambia Burullusi kwamba anaonekana ameichoka kazi yake, na kwamba kesho angeandikiwa barua itakayompeleka kulinda mbuzi Aswani. Burullusi alimwacha amalize.

"Sheria inasema makazi na viambata vyake," Salhub aliendelea. "Paa ni kiambata."

"Nani amesema paa ni lake?"

"Mimi, kwa jina la Balozi. Ngazi ya mwisho inaishia mlangoni kwake. Paa ni lake, na vilivyo juu ya paa ni vyake, hadi vibanio vya nguo."

"Dahab, umesikia? Na wewe Abdultawab?"

Wote wawili walisema wamesikia. Salhub naye alirudia mara ya pili, kwa sauti, maana ubalozi ule ulikuwa haujawahi kuacha hata shubiri ya kitu ulichoweza kukidai. Tamaa mbele, mauti nyuma.

"Vizuri," alisema Burullusi. "Basi ni makazi yake. Na makazi yanapekuliwa mjumbe akiwepo. Mjumbe wa ubalozi ni nani?"

"Mimi."

"Na upo."

Salhub alirudi nyuma hatua moja.

"Sheria inataka uwepo, Bwana Salhub. Haijasema popote kwamba ukubali."

Masharubu ya mtarjumani yalicheza. Alisema haraka kwamba labda jambo la paa linahitaji kutazamwa upya, kwamba huenda kweli ni la wakfu. Burullusi alimjibu kwamba kama ni la wakfu, basi anapanda bila yeye, na maneno aliyokwisha kuyasema mbele ya mashahidi wawili, kwamba vilivyo juu ni vya Tarkush, yanabaki yalivyo. Salhub aliona pande zote mbili zimefungwa. Ilibaki moja. Aligeuka aondoke, asiwepo.

Dahab alikuwa amesimama katikati ya mlango, na fimbo yake imelala kutoka mwimo hadi mwimo.

"Mvua, bwana," alisema kwa adabu. "Utalowa."

Walipanda wote wanne.

Juu, upepo ulikuwa unazipiga kamba tupu za nguo. Matone yalikuwa yameanza, makubwa na ya baridi. Burullusi na Abdultawab walilivuta zulia kutoka ukingoni, wakaliingiza chini ya kibanda cha kufulia, wakaligeuza. Upande wa juu ulikuwa umesuguliwa mpaka rangi imepauka. Lakini mwenye kusugua hakuwa amewahi kusafisha zulia, hakujua kwamba uchafu wa zulia hukaa chini. Mgongoni kulikuwa na doa kubwa la kahawia, limekaukia ndani ya mafundo.

Tarkush alitokea ngazini amevaa koti la nyumbani la hariri, akauliza kwa nini watu wamechezea mali yake. Salhub alimtolea macho anyamaze, lakini alikuwa amekwisha kusema, mali yake.

"Doa hili ni la nini, khawaja?"

"Divai. Nilialika watu."

Burullusi hakubishana. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya manyoya ya zulia, taratibu, huku na huku, mpaka akashtuka na kuurudisha mkono. Damu ilimtoka kidoleni. Alichambua manyoya, akachomoa pini yenye kichwa cheupe. Akapata ya pili, na nyingine mbili zimelala pamoja, zimezama hadi kwenye uzi. Maji yangeosha damu mwezi mzima na hizi zingebaki pale pale.

"Wageni wako huja na pini mdomoni?" aliuliza. "Mwenzi wa hizi tumemtoa ndani ya shavu la Nabawia. Aliyekuwa hajatia mguu kwako. Alikuwa anakupimia nini, mapazia?"

Tarkush hakumwangalia hata kidogo. Alimgeukia mtarjumani, na lugha iliyomtoka ilikuwa Kiarabu cha Damanhuri, cha babu yake.

"Si uliniambia mambo yamekwisha?"

"Nyamaza," alisema Salhub.

"Alinizaba kofi. Nilimgusa bega tu, akanizaba kofi. Mimi!" Alijipiga kifua. "Fundi wa mtaani, anizabe kofi ndani ya nyumba yangu?"

Hakuonekana kujua kwamba amekiri kitu. Alikuwa analalamika, kama mtu aliyedhulumiwa, akingoja wenzake wamwonee huruma. Burullusi alikunja ngumi, akaitia mfukoni, akaiacha humo.

Alilijua lililobaki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi ya pini. Kumkamata mtu huyu aliweza. Kukaa naye hakuweza. Sheria ilimtaka amkabidhi kwa ubalozi, kwa balozi aliyecheza karata na Tarkush kila Alhamisi. Basi aliomba risiti.

"Risiti ya nini?" aliuliza Salhub.

"Ya mzigo. Andika: nimempokea Edmon Tarkush, mzima, hana jeraha, pamoja na maneno aliyoyasema mbele yangu. Huandiki, hashuki ngazi hii."

Salhub aliandika juu ya goti, mvua ikimpiga karatasi, na alipofika kwenye maneno yale kalamu ilisita. Burullusi alingoja mpaka yakaandikwa. Risiti hiyo pamoja na zulia vilitosha kumtoa mwendesha mashitaka jasho, na kumtoa Shalali mahabusu.

Chini, habari ilikuwa imeshatangulia, maana ngazi za jengo lile hazina siri. Wanawake aliowashonea Nabawia walikuwa wamejaa njiani, wamejitanda mashuka yale yale waliyoyaanua, na nyuma yao waume zao, muuza maji ya ukwaju, madobi, mafundi. Gari la Salhub lilikuwa upande wa pili wa umati.

Dahab alitangulia kama desturi. Nyuma yake Tarkush, kisha Salhub amejikunyata chini ya mwavuli. Kawasi aliuona umati, akaishika fimbo vizuri, akaendelea kutembea. Fimbo haikugusa chini.

"Gonga," alisema Salhub.

Dahab aliendelea.

"Gonga fimbo, nakwambia, wapishe."

"Mkono umechoka, bwana," alisema Dahab.

Umati haukusikia mlio wa fimbo, basi haukupisha. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimwacha Tarkush apenye katikati yao, bega kwa bega, hatua moja moja, na kila mwanamke aliyempita alimwambia usoni jina moja, Nabawia, kwa sauti ya mazungumzo tu. Mpaka alipofika kwenye gari alikuwa amelisikia kutoka kwa mtaa mzima. Alipanda, na mvua ya Kasimu ikafunguka kwa nguvu zake zote.

Mwendesha mashitaka alisoma risiti mara mbili, akaligeuza zulia mwenyewe, akapumua kwa kinywa. Alisema bawabu aachiwe, lakini kwa utaratibu: aje mtu anayejulikana, mwenye kazi na makazi, ampokee mkononi na kumdhamini. Burullusi alikasirika tena. Muuaji aliondoka na gari la farasi, na asiye na hatia alikuwa anatafutiwa mdhamini. Nani angekuja katika dhoruba ile kumpokea bawabu?

Bado alikuwa anakasirika mlango wa kituo ulipofunguliwa.

Aliyeingia alikuwa mrefu, amelowa chapachapa, amevaa fulana na suruali ya kazi. Burullusi alichelewa kumtambua. Koti la tarizi lilikuwa mali ya ubalozi, na fimbo pia, na vyote viwili vilikuwa vimebaki huko.

"Nasikia anatakiwa mtu wa kumpokea," alisema Dahab. "Kazi sina tena. Makazi ninayo."

Burullusi aliuchukua wino, akausogeza mbele yake, akamwonyesha pa kuweka dole gumba. Kisha yeye mwenyewe, wala si askari, alichukua funguo na kilemba, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi na kufungua.

"Inuka, ami Shalali," alisema. "Balozi wako amekuja."